Mbona Imekomea Ndiani?

Shuka lilikuwa la shangazi yangu, jeupe, la kitanda kikubwa, nasi tulilitundika darini kwa kamba ya nailoni na vibanio vya nguo. Projekta tuliazima. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi. Tulikuwa watu kama kumi na watano pale Langoni, mjini Lamu, wengi wao kina mama wa nyumba mbili tatu za jirani pamoja na watoto waliopaswa kuwa wamelala saa nyingi. Filamu yenyewe ilikuwa ya Kiitaliano, ya mwaka 1948, haina rangi wala maandishi ya Kiswahili. Aliyetuokoa ni binamu yangu wa Malindi. Kama vijana wengi wa Malindi waliokulia karibu na hoteli, Kiitaliano alikiokota ufuoni. Usiku ule alikaa kando ya spika akatutafsiria kwa mtindo wa DJ Afro, yule msimulizi wa filamu wa Kenya, kila mhusika na sauti yake. Matusi aliyaruka kwa heshima ya wazee.

Filamu ikaisha. Kimya. Kisha shangazi akauliza, "Mbona imekomea ndiani?"

Ndia, kwa Kiamu, ni njia, na swali lake lilikuwa sahihi mara mbili. Picha ya mwisho ni ya baba na mwanawe wakitembea barabarani, wameshikana mikono, umati ukiwameza mpaka huwaoni tena. Tena kisa chenyewe kilikuwa kimeachwa katikati: kilichoibwa hakikupatikana, mwizi hakufungwa, na kesho ya watu wale hatukuijua. Kina mama kadhaa walikuwa wanafuta machozi, lakini walifuta kwa hasira kidogo, kama watu waliotapeliwa. Binamu akasema filamu za namna hii ndizo hivyo zilivyo. Jibu hilo halikumtosha mtu, hata mimi halikunitosha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta lililo bora zaidi.

Swali lenyewe ni hili. Zipo filamu zisizo na mfalme, jasusi wala bingwa wa ngumi. Ndani yake mna fundi, mjane, mbeba mizigo, mwanafunzi. Kinatokea kitu kikubwa kuliko wao, vita au maradhi au kazi kuisha, wanapendana humo humo ndani ya vurugu, na mahali fulani wanapata nafasi ya pili, au wanaikosa kwa unyayo. Hakuna linalotokea ambalo hujaliona mtaani kwako. Basi kwa nini zinatutoa machozi? Na kwa nini karibu zote zinakomea ndiani?

Tuanze na ile tuliyoiangalia, Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, kazi ya Vittorio De Sica. Kisa chake unaweza kukisimulia ukingoja chai ichemke. Ni Roma, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Antonio Ricci hana kazi. Anapata ya kubandika mabango kwenye kuta za mji, kwa sharti kwamba awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe, Maria, hapotezi muda kulia. Anavua shuka za vitandani, anazifunga furushi, anazipeleka kwenye duka la rehani, na baiskeli inakombolewa. Siku ya kwanza kabisa ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi anabandika bango la mwigizaji Rita Hayworth, baiskeli inaibwa. Yeye na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima wakiitafuta. Mwisho Antonio anashindwa na nafsi yake, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, anazabwa makofi mbele ya mtoto. Mwenye baiskeli anamtazama Bruno. Anasema mwacheni aende.

Sasa ichukue filamu hiyo uipeleke kwenye kibanda cha video. Huko kuna kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: stelingi hafi. Stelingi atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi, na filamu inaisha pale adui anapoanguka. Ni kanuni nzuri na siidharau, maana inampa mtazamaji saa ya kuhesabia. Wakati wote unajua umefika wapi, kwa kuwa unajua adui yuko wapi.

Mwulize Antonio adui yake ni nani. Utasema mwizi. Lakini Antonio anampata yule kijana anayemshuku, mtaani kwao, na kumbe ni fukara mwenzake. Kijana anaanguka kifafa mbele ya macho yetu, majirani wanamzunguka, polisi anakagua chumba kidogo wanamolala familia nzima na hakuna ushahidi. Ukimpiga huyo umemshinda nani? Aliyemwangusha Antonio ni vita vilivyokwisha, viwanda vilivyofungwa, foleni ya watu mia wanaogombea kazi moja. Hao hawana shingo ya kukabwa.

Hapa ndipo naona fundo la kwanza linafunguka. Katika filamu za watu wa kawaida, msukosuko huja bila uso. Unakuja kama tangazo la redio, kama karatasi ya daktari, kama lango la kiwanda lenye kufuli jipya. Na kwa kuwa hauna uso, hauwezi kufa ndani ya saa moja na nusu. Mtunzi mwaminifu hawezi kutuletea mwisho wa kitu ambacho bado kipo nje ya ukumbi kikitungoja. Ndiyo maana shangazi aliona njia inaendelea.

Lakini kitu fulani kilimalizika usiku ule, ama sivyo machozi yasingetoka. Kilichomalizika ni kati ya watu wawili. Mtoto aliyeanza Jumapili akimwona baba yake mkubwa kama mnara, sasa amemwona akiwa mwizi, akiwa mdogo, akilia. Na bado anautia mkono wake ndani ya mkono wa baba. Nafasi ya pili ya Antonio si baiskeli hata kidogo. Alipewa mara mbili mfululizo: kwanza na mgeni aliyemsamehe, kisha na mwanawe. Mara zote mbili ilikuja na uso.

Nimeichukua kauli hiyo, kwamba msukosuko hauna uso na nafasi ya pili inao, nikaijaribu kwenye filamu nyingine kama mtu anavyojaribu ufunguo kwenye milango ya nyumba ya marehemu. Imefungua mingi.

Kwanza ufundi kidogo, kwa sababu uso katika sinema si kitu kidogo. Inasimuliwa kwamba karne moja hivi iliyopita, huko Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja maarufu, uso uliotulia usioonyesha lolote. Akauunganisha na picha ya sahani ya supu. Halafu uso uleule na picha ya jeneza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: angalia anavyoona njaa, angalia anavyohuzunika! Uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata ukope. Njaa na huzuni vilitoka kwa watazamaji wenyewe.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini mwenye baiskeli hahitaji hotuba. Anatazama, tunaonyeshwa Bruno, kofia ya baba yake mkononi, machozi usoni, tunarudishwa kwa mwenye baiskeli. Huruma tunaitia sisi. Unaelewa pia kwa nini De Sica hakutaka nyota. Mzalishaji mkubwa wa Marekani, David O. Selznick, alitaka Cary Grant awe Antonio. Hebu fikiria: Cary Grant, na ile suti inayomkaa hata akiwa hajaivaa! Uso wa nyota umekwisha kuandikwa. Ukiutazama unasoma filamu zake kumi zilizopita, na unajua kabisa kwamba stelingi hafi. De Sica akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. Uso wake ulikuwa ukuta mweupe. Kama lile shuka. (Baada ya filamu Maggiorani aliachishwa kazi kiwandani. Uigizaji nao haukumpa riziki ya kutegemea. Msukosuko ulitoka kwenye picha ukamfuata nyumbani, na huko hapakuwa na mwongozaji.)

Watu wa Lamu hawakungoja Waitaliano wala Warusi kuwafundisha kwamba balaa kubwa huonyeshwa kwa kitu kidogo. Karne mbili hivi zilizopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, na humo alitaka kutuonyesha ufalme mzima ulivyoanguka. Angeweza kutupa orodha ya vita. Badala yake alituingiza ndani ya nyumba. Taa zimezima. Kumbi za wanaume zinalia wadudu. Na zile zidaka za ukutani, palipokuwa pakipangwa sahani za kigeni, sasa wamelala makinda ya ndege.

Simama hapo kwenye kidaka. Kamera ingefanya kitu gani zaidi? Kila mtu aliyeingia nyumba ya zamani mtaani Mkomani, hapa Lamu, amekiona kidaka, amekipitisha kidole kuona kama kina vumbi. Ukiambiwa "Pate imeanguka" unatikisa kichwa tu. Ukiambiwa sahani hazipo na kuna kinda la ndege, unaanza kuuliza mwenyewe: aliyekuwa akizipanga yuko wapi? Hilo swali ndilo linalofanya kazi. Baiskeli ya Antonio ni kidaka. Shuka za Maria ni kidaka kikubwa zaidi: kuna wakati mfanyakazi wa duka la rehani anachukua furushi lake, anapanda nalo kwenye rafu, anapanda, anaendelea kupanda, na unagundua kwamba rafu zote zile hadi juu zimejaa shuka za watu. Hakuna anayesema kitu. Mji mzima unalala bila shuka. Hapo darini mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kwetu huwa dhahabu," na wenzake wakaguna, maana kila mmoja ana bangili iliyowahi kwenda na kurudi, au iliyokwenda tu.

Sitaki ieleweke kwamba ukimya ndio njia pekee. Vizazi vya mama zetu na bibi zetu pwani yote hii vililelewa na picha za Kihindi, na hizo hazijui kunyamaza. Chukua Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, Nargis akiwa Radha, mkulima aliyeachwa na mume, deni la mkopeshaji shingoni, mafuriko shambani, watoto wawili mgongoni. Kila kitu ni kikubwa: mvua kubwa, kilio kikubwa, na mwisho mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya msichana wa kijiji. Wako wasomi wanaozicheka filamu hizi kwa kuwa watu wanaacha kulima wanaanza kuimba. Mtu wa pwani hacheki, kwa sababu anaijua taarabu. Katika maisha ya kawaida mwanamke hasimami sebuleni akatangaza kilicho moyoni mwake; ana adabu ya kulinda na majirani wana masikio. Lakini wimbo unamruhusu. Anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti fulani, na ukumbi mzima umeelewa anamwambia nani. Wimbo katika filamu ya Kihindi unafanya kazi hiyohiyo: unampa mtu asiye na maneno makubwa ruhusa ya kuyatumia kwa dakika tano. De Sica anaacha nafasi tupu ili tuijaze. Mehboob Khan anaijaza mpaka inafurika. Mlango ni mwingine, chumba ni kilekile.

Na kwa kuwa tumemtaja Nargis: wakati wa kupiga picha za moto, moto halisi ulimzingira, na aliyeingia kumtoa ni Sunil Dutt, aliyekuwa akiigiza kama mwanawe. Mwaka 1958 wakaoana. Ukiandika hilo kwenye hadithi utaambiwa umezidisha chumvi.

Mapenzi, basi. Hapa ndipo filamu nyingi za watu wa kawaida zinajikwaa, kwa sababu watunzi wanakopa mapenzi ya filamu za matajiri: maua, mvua, kutazamana sana. Watu wanaohangaika hawana muda wa kutazamana. Wanapendana kwa kazi. Maria anavua shuka. Hilo ndilo tamko lake la mapenzi na halihitaji busu. Filamu iliyonionyesha hili vizuri kupita nyingi za miaka ya karibuni ni ya Kisomali, The Gravedigger's Wife, ya Khadar Ahmed, iliyotoka mwaka 2021 na kushinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, mwaka huohuo. Guled ni mchimba makaburi mjini Djibouti. Yeye na wenzake hukaa nje ya hospitali na sepetu zao, wakingoja mtu afe ili wapate riziki. Mkewe, Nasra, anaugua figo na anahitaji upasuaji kwa fedha wasizokuwa nazo. Unaona ukatili wa hesabu hiyo: anayeishi kwa vifo vya watu anatafuta namna ya kuuzuia kifo kimoja.

Mtunzi mwingine angetuzamisha kwenye majonzi tangu mwanzo. Khadar Ahmed anawaacha wacheke. Kuna jioni wanajipenyeza kwenye harusi wasiyoalikwa, wanakula, wanacheza, na kwa muda ule mfupi ugonjwa unabaki nje mlangoni pamoja na viatu. Ni hapo unapojua nini kitapotea. Baadaye Guled anashika njia kwa miguu kurudi kijijini alikotoka kutafuta namna ya kupata fedha, na sehemu kubwa ya filamu ni mtu anatembea jangwani. Huo mwendo ndio shairi lake la mapenzi. Lamu ina wasemaji wa Kisomali wengi, na niliwahi kumwona mzee mmoja akiiangalia kwenye simu, ameisogeza karibu na pua, akijibu mazungumzo kabla ya waigizaji.

Nafasi ya pili nayo ina bei, na hapa ndipo utamtofautisha mtunzi na mpiga ramli. Kuna nafasi ya pili ya bandia. Unaijua: shangazi tajiri wa Ulaya anafariki na kuacha wosia, mgeni anashuka hotelini Malindi, anaona kipaji cha kijana anayeuza vinyago, wiki ya pili kijana yuko kwenye ndege, mume mlevi anatubu dakika tano kabla ya mwisho kwa sababu filamu inataka kufunga duka. Ubaya wake ni kwamba mhusika hakufanya lolote ila kungoja, na fadhila imetoka kusikojulikana, bila uso, kama balaa lilivyokuja. Malindi tunakaa na ndoto ya mgeni mwenye tiketi mfukoni kwa miaka mingi sasa, na imewagharimu vijana wengi kiasi kwamba siwezi kuiangalia kwenye filamu bila kubana meno.

Nafasi ya pili ya kweli inamrudisha mtu kwenye mlango uleule aliouogopa, ila safari hii anajua bei. Casablanca ya mwaka 1942 ni ya zamani na imesifiwa mpaka imechosha, lakini inaeleza jambo hili kuliko nyingi. Rick ana mkahawa Casablanca, mji wa Moroko uliojaa wakimbizi waliokwama, wanaotafuta vibali vya kutoka. Mwanamke aliyempenda zamani, Ilsa, anarudi, akiwa na mume. Vibali viwili viko mikononi mwa Rick. Dunia imempa nafasi ya pili kama alivyoiota, na yeye anaitoa: mwanamke na mumewe wanaondoka, yeye anabaki kwenye ukungu. Wengine huita hiyo filamu ya mapenzi yaliyoshindwa. Mimi naona aliitumia nafasi yake yote. Alikuwa mtu asiyejali, akarudi kuwa mtu anayejali. Ilipigwa picha studio, California, wala hawakukanyaga Moroko. Lakini wengi wa waliokaa kwenye zile meza za mkahawa walikuwa wakimbizi wa kweli kutoka Ulaya ya Hitler, na wanapoimba wimbo wa taifa wa Ufaransa mbele ya maafisa wa Kijerumani, baadhi ya nyuso zile hazihitaji kuongozwa.

Karibu na kwetu kuna Kimani Maruge. Mwaka 2003 Kenya ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na mwaka 2004 mzee huyu, aliyesema ana miaka 84, aliyepigana enzi za Mau Mau, akajitokeza kwenye shule ya msingi mjini Eldoret akitaka kuandikishwa darasa la kwanza. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama watoto wengine. Filamu ya The First Grader ya mwaka 2010, Oliver Litondo akiwa Maruge, inakaa sana kwenye kile ninachokitafuta: tangazo la serikali lilimfungulia kila mtu na halikumfungulia mtu. "Elimu bure kwa wote" ni maneno ya redioni, hayana uso. Yalikuwa nafasi pale tu mwalimu mkuu mmoja wa kike alipomtazama mzee mwenye fimbo langoni na kuamua kwamba "wote" ni pamoja na huyu. Na alilipa: wazazi walilalamika, wakubwa walilalamika. Filamu inaishia mahali pa kutia moyo. Maisha yenyewe hayakuishia hapo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtoa Maruge nyumbani kwake akaishi kambini, na alifariki mwaka 2009, kabla filamu haijatoka. Kila nikiiangalia najiuliza kama ingekuwa bora zaidi ikikomea ndiani.

Binamu yangu hakubaliani nami. Hoja yake ni kwamba filamu za kukomea ndiani ni za watu walioshiba. Mtu aliyebeba mawe ya matumbawe mchana kutwa, anasema, anataka stelingi. Uhalisia anao nyumbani. Hoja hiyo ina nguvu. Hata Italia kwenyewe watu walijazana zaidi kwenye filamu za Hollywood kuliko hizi za wafukara wao, na Giulio Andreotti, aliyekuwa mhusika wa mambo ya sinema serikalini, alimlaumu De Sica hadharani kwa kuionyesha nchi sura mbaya. Siwezi kudai kwamba ngumi si sanaa. Nilichomjibu ni kwamba kina mama wa darini si watu walioshiba, na hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Akaniambia walikuwa wanangoja mahamri.

Nadhani tatizo ni kwamba wengi wa wanaotaka kutengeneza filamu za msukosuko wanaanzia kwenye msukosuko. Hata pale siasa ndiyo kiini, njia inapita chumbani: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatupeleka Zanzibar ya miaka ya hamsini, harakati za uhuru zimeanza kuchemka. Lakini inatushika kwa msichana Yasmin aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa. Tukipata kumjali yeye, ndipo karatasi za siri na mikutano ya usiku inapoanza kutupandisha moyo.

Tuje nyumbani kabisa. Lamu imepita kwenye mitikisiko inayotosha filamu kumi. Kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama. Bandari mpya ilijengwa, gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi. Mtunzi wa haraka atapiga picha winchi za bandarini, ataweka muziki mzito, atamhoji mtaalamu. Na fidia ataiita nafasi ya pili, kwa sababu ina tarakimu. Jaribu ufunguo wetu: hela ya fidia inatoka wapi, kwa mkono wa nani, inamtazama nani? Huenda ni haki, na haki ni lazima. Bado si filamu.

Ami mmoja mvuvi aliwahi kuniambia jambo lililonikaa. Aliponyimwa usiku wa bahari, kwa mara ya kwanza tangu aoe alilala nyumbani kila siku. Masikio yake yalikuwa yamezoea maji, usingizi haukuja. Mkewe naye alikuwa amezoea kitanda kizima. "Tukawa twaulizana maswali kama wageni," akasema, akacheka, akainamia jarife lake akaendelea kushona.

Filamu ni hiyo. Amri imetoka mbali, haina uso. Dema, mitego ya samaki, zimeanikwa ukutani, zimekauka, paka analala ndani ya mojawapo. Hapo una kidaka chako. Fedha hakuna. Na ndani ya nyumba, mtu na mkewe wa ndoa ya miaka ishirini wanalazimika kujuana upya gizani, kwa kukosa la kufanya. Baadaye marufuku inaondolewa, jirani anagonga mlango alfajiri kusema bahari imefunguliwa. Mume anaamka. Kamera ibaki kwa mke. Asitoe machozi, asitabasamu, aangalie tu mlango. Nusu ya watazamaji wataona furaha, nusu wataona msiba, na Kuleshov huko aliko atakuwa na haki ya kudai ujira wake.

Wiki iliyopita tuliirudia ile ya baiskeli, kwa ombi la shangazi mwenyewe. Binamu alikuwa amerudi Malindi, kwa hiyo hakukuwa na sauti za mzaha. Nilitafsiri mimi kwa kukumbuka, vibaya. Hakuna aliyelalamika. Ilipofika mwisho, baba na mtoto wakamezwa na umati, shangazi hakusema lolote kuhusu njia. Alinyanyuka, akachomoa vibanio kimoja kimoja, akanipa pembe mbili za shuka nimsaidie kulikunja. Tulisogeleana, tukaachana, tukasogeleana, kama inavyokunjwa.

"Zile shuka za yule mama," akasema, "walizikomboa?"

Nikafikiri. Filamu haisemi. Nikamwambia hapana.

Akalichukua lake kwapani, akashuka nalo ngazi.